Safu ya Lugha: Kuhudhuria si kushiriki

Katika mkutano mmoja wa bajeti huko Kitui niliona karatasi ya mahudhurio ikipita mkono hadi mkono: jina, nambari ya kitambulisho, sahihi. Baadaye ripoti ikaandika kwamba waliotia sahihi "walishiriki na kuridhia". Maneno matatu yamekorogwa hapo, na anayepoteza ni mwananchi.

Kuhudhuria ni kuwapo tu. Hata aliyesinzia amehudhuria. Kuridhia ni moyo kukubali baada ya kuelewa. Kushiriki, neno lenye asili ya Kiarabu na ndugu wa shirika na ushirika, ni kuwa na fungu lako katika jambo. Watu wa Ukambani wanalijua hilo kupitia mwethya: unakuja na jembe lako, unachimba matuta na wenzako, na kesho wao wanakuja kwako.

Kifungu cha 10 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataja ushiriki wa wananchi, wala si mahudhurio yao. Kaunti ya Makueni imesifiwa kwa kamati za maendeleo zinazoanzia kijijini, na sifa hiyo itadumu iwapo mwanakamati anaweza kusema "hapana" na neno lake likaandikwa.

Jihadharini pia na "kushirikishwa". Anayeshirikishwa huitwa na mwingine, na aliyemwita anaweza kumwacha nje. Basi mama wa mji wa Wote, huko Makueni, anayeuliza bei ya bomba la maji asiitwe mpinzani. Huyo ndiye aliyeshiriki.