Salem: mji ulionyonga wasio na hatia, leo unauza tiketi za wachawi

Kila Oktoba inapoingia, mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, kaskazini mwa Boston, hufurika watu. Wakazi wake ni kama 44,000 tu, lakini katika miaka ya karibuni wageni wa mwezi huo mmoja wamepita milioni. Wengi huja wamevaa majoho na kofia nyeusi zenye ncha. Hupanga foleni mbele ya majumba ya vitisho, hukata tiketi, kisha huingizwa gizani makundi kwa makundi. Ndani kuna moshi wa mashine, milango inayojifunga yenyewe, na waigizaji waliojipaka rangi usoni wanaochomoza pembeni pale mgeni anapodhani keshamaliza. Watu hupiga mayowe, halafu hucheka. Wakitoka nje huulizana nani aliogopa kuliko mwenzake.

Katika mtaa wa Lynde kuna nyumba ya namna nyingine. Witch Dungeon Museum ilifunguliwa mwaka 1979 ndani ya jengo lililokuwa la kanisa. Hapo mgeni hukalishwa kwanza, kama mtu aliyekuja kusikiliza kesi, na mbele yake hutokea waigizaji: anayeshutumu na anayeshutumiwa. Mazungumzo yao yametolewa katika kumbukumbu za mahakama za mwaka 1692. Binti anajipinda, analia, anadai kwamba mwanamke aliyesimama mbali naye anamfinya. Mwanamke anakana. Kadiri anavyokana ndivyo binti anavyozidi kupiga kelele. Mchezo ukiisha, wageni huteremshwa chini kwenye mfano wa gereza la zamani, wakapita gizani kati ya vyumba vyembamba vyenye sanamu za wafungwa.

Kwa maoni yangu, cha kutisha kuliko vyote Salem ni ile nusu ya kwanza, watu wanapokuwa wameketi tu wakisikiliza. Hofu iliyoua watu katika mji huu ilipita mahakamani, kwa hati zilizotiwa saini, mbele ya majaji waliosoma na majirani waliokula kiapo.

Mambo yalianza majira ya baridi, mwanzoni mwa mwaka 1692, katika Kijiji cha Salem, ambacho leo ni mji unaoitwa Danvers. Nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, binti yake Betty mwenye miaka 9 na Abigail Williams mwenye miaka 11 walianza kuweweseka na kupiga kelele. Daktari aliyeitwa hakuona ugonjwa anaoujua, akasema huu ni mkono wa uovu. Kijiji chenyewe kilikuwa tayari kimegawanyika. Ukoo wa Putnam na ukoo wa Porter walikuwa hawaelewani. Mchungaji alikuwa akilalamika kwamba hapewi mshahara wala kuni. Wakimbizi walikuwa wakiingia kutoka mpaka wa kaskazini, ambako walowezi wa Kiingereza walipigana na Wafaransa pamoja na wenyeji asilia wa nchi hiyo. Watu waliokuwa wamezika ndugu walikuwa wakitafuta wa kumlaumu.

Watatu wa kwanza kutajwa walikuwa Tituba, mtumwa wa nyumbani kwa Parris; Sarah Good, mama fukara aliyepita milangoni akiomba; na Sarah Osborne, mgonjwa ambaye kanisani alikuwa haonekani tena. Walikuwa wanyonge wasio na mtu wa kuwasemea. Lakini haikuchukua muda wakaanza kutajwa wenye mashamba, wacha Mungu na hata mchungaji. Dorothy, mtoto wa Sarah Good mwenye umri wa miaka minne au mitano, alitiwa gerezani mwezi Machi. Alikaa humo hadi Desemba, amefungwa minyororo. Miaka 18 baadaye baba yake aliiandikia serikali kwamba mtoto yule hakurudi kuwa na akili timamu.

Silaha kubwa ya mashtaka ilikuwa ushahidi wa vivuli. Shahidi alisema kivuli cha mshtakiwa kilimjia usiku kikamkaba, kikamng'ata au kumkalia kifuani. Mshtakiwa angeweza kuleta watu kumi wa kuthibitisha kwamba usiku ule alilala kwake, na isimsaidie kitu, kwa kuwa aliyeshtakiwa kutembea ni kivuli chake. Tena aliyekiri aliachwa hai ili awataje wengine, na aliyeshikilia kwamba yeye si mchawi ndiye aliyepelekwa kunyongwa. Watu wapatao 50 walikiri. Hakuna hata mmoja wao aliyeshikilia ungamo lake akanyongwa. Samuel Wardwell alikiri, kisha akafuta maneno yake kwa sababu yalikuwa ya uongo, na Septemba akanyongwa.

Kesi ya Rebecca Nurse inanikaa rohoni kuliko nyingine zote. Alikuwa bibi wa miaka 71, anayeheshimiwa kanisani, na majirani kadhaa walithubutu kutia saini barua ya kumtetea. Jopo la waamuzi lilirudi na kusema hana hatia. Wasichana wakaangua kilio mahakamani. Jaji mkuu William Stoughton akawauliza waamuzi kama walitafakari maneno fulani ya bibi huyo. Alipoletwa mfungwa mwingine aliyekwisha kukiri, Rebecca alisema kwamba yule ni mwenzao. Alimaanisha mwenzao wa gerezani. Mahakama ikataka kusikia mwenzao wa uchawi. Mwenyekiti wa waamuzi alimgeukia amweleze maana yake. Hakujibu. Baadaye alieleza kwa maandishi kwamba ana uziwi na wakati ule alikuwa amejaa majonzi, hakusikia swali. Wakati huo waamuzi walikuwa wamekwisha kurudi na neno jingine, na tarehe 19 Julai akanyongwa pamoja na wanawake wengine wanne.

Kwa jumla watu 19 walinyongwa kati ya Juni na Septemba, wanawake 14 na wanaume watano. Hakuna aliyechomwa moto, ingawa wageni wengi hufika Salem na picha ya kuni na miale kichwani. Giles Corey, mzee aliyepita miaka 80, alikataa kabisa kuikubali mahakama ile. Alilazwa chini na kurundikiwa mawe kifuani hadi akafa, 19 Septemba. Angalau watano walifia gerezani. Walioshtakiwa wanakadiriwa kuwa kati ya 150 na 200.

Kuna jambo ambalo hakuna jumba la vitisho linaloweza kulionyesha kwa mwanga na kelele, nalo ni gharama. Wafungwa walitozwa fedha za chakula chao na hata za pingu walizofungwa. Lydia Dustin aliachiwa na mahakama nyingine mwanzoni mwa 1693, lakini hakuwa na fedha za kulilipa gereza, akabaki ndani na kufia humo mwezi Machi. Tituba alikaa zaidi ya mwaka kwa sababu Parris alikataa kulipa. Mwishowe aliuzwa kwa mtu aliyelipa deni lake.

Oktoba 1692 Gavana William Phips aliivunja mahakama iliyowahukumu walionyongwa. Wachungaji wakubwa wa Boston walikuwa wameanza kuukataa ushahidi wa vivuli, na minong'ono ilikuwa imeanza kumgusa hata mke wa gavana. Januari 1697, katika siku ya mfungo wa jimbo zima, Samuel Sewall, mmoja wa majaji, alisimama kanisani huku toba yake ikisomwa mbele ya waumini. Mwaka 1711 serikali ilizilipa familia fidia ya zaidi ya pauni 570 na kuwasafisha baadhi ya waliohukumiwa.

Baada ya hapo mji ulinyamaza. Kwa zaidi ya karne moja Salem ilijulikana kwa jambo jingine kabisa, ambalo sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunapaswa kulijua: ulikuwa mji wa bandari, na meli zake zilitia nanga Zanzibar. Marekani ilitiliana mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na konseli wake wa kwanza Unguja, Richard Waters, aliyefika 1837, alikuwa mfanyabiashara wa Salem. Nguo za merikani zilizovaliwa kutoka Unguja hadi Unyamwezi zilifumwa kwenye viwanda vya Massachusetts. Pembe za ndovu na sandarusi zilikwenda upande wa pili, na huko Salem palikuwa na kiwanda cha kusafisha sandarusi ya kutengenezea vanishi. Mabibi waliouza na kununua merikani hawakuwa na habari ya kilichotokea katika mji ule. Hata ndani ya mji wenyewe habari hiyo haikuzungumzwa sana hadharani. Mwandishi Nathaniel Hawthorne, mzaliwa wa Salem, alikuwa wa ukoo wa John Hathorne, mmoja wa wale walioendesha mahojiano ya 1692, na kivuli cha babu huyo kimetanda katika riwaya yake ya The House of the Seven Gables ya 1851.

Biashara ya baharini ilipohamia bandari zenye kina kirefu zaidi, Salem iliingia viwandani, na viwanda navyo vikaja kufungwa kimoja baada ya kingine. Wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuonja faida ya jina la mchawi: duka la sonara Daniel Low liliuza vijiko vya fedha vyenye umbo la mchawi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mwaka 1953 tamthilia ya Arthur Miller, The Crucible, iliirudisha Salem midomoni mwa dunia, safari hii kama onyo juu ya msako wa wakomunisti huko Marekani. Lakini kilichougeuza mji ni televisheni. Mwaka 1970 kipindi cha vichekesho cha Bewitched, kuhusu mchawi mrembo aliyeolewa na mtu wa kawaida, kilirekodi sehemu zake kadhaa Salem. Miaka miwili baadaye Salem Witch Museum ikafunguliwa. Tamasha la Oktoba likaanza 1982, likakua hadi likaumeza mwezi mzima. Leo hata magari ya polisi ya Salem yamechorwa mchawi juu ya ufagio.

Sitaki kuwalaumu watu wa Salem kwa kutafuta riziki. Mji uliokosa kazi ulipata kazi, na waigizaji wengi wa majumba hayo wanaifanya kazi yao kwa heshima. Tangu 1992 kumekuwa na mchezo unaoitwa Cry Innocent, ambamo Bridget Bishop, mtu wa kwanza kunyongwa, anakamatwa barabarani mbele ya watalii na kufikishwa mbele ya mahakama. Watazamaji huhoji mashahidi na kupiga kura. Hapo mgeni wa Oktoba hulazimika kukaa kwenye kiti cha mwamuzi, akaona jinsi kelele za mtu mmoja zinavyoweza kumfanya hata mtu mwema amtilie shaka asiye na kosa.

Ninachokipinga ni yale majumba yanayouza kikongwe mwenye pua ndefu na chungu kinachochemka kana kwamba ndiye aliyenyongwa mwaka ule. Walionyongwa walikuwa wakulima, wake za watu, bibi mwenye uziwi, na mchungaji George Burroughs aliyesali Baba Yetu hadi mwisho bila kukosea mbele ya umati, wakati watu waliamini kwamba mchawi hawezi kuisali. Ukimvalisha marehemu huyo vazi la mchawi, umemhukumu mara ya pili.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kwetu hukumu ya namna hiyo haijageuka mchezo. Usukumani, macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni na samadi maisha yake yote yamewahi kutosha kumletea mapanga usiku. Kilifi, wazee wenye mvi wamesingiziwa uchawi na ndugu zao wenyewe, mara nyingi penye shamba la kurithi, na baadhi wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze. Kisii, Mei 2008, watu 11 waliuawa kwa moto katika siku chache. Kinachotofautisha habari hizo na ya Salem ni kwamba kule mauaji yalipigwa mhuri wa serikali. Kunong'ona kwa majirani, marehemu ambaye kifo chake hakieleweki, kikongwe asiye na mtetezi, na ardhi: hivyo ni vilevile.

Kusafishwa kwa majina ya watu wa Salem pia kulichukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Massachusetts iliomba radhi rasmi mwaka 1957, lakini ikamtaja mtu mmoja tu kwa jina. Watano wengine walisubiri hadi 2001. Elizabeth Johnson wa Andover, aliyehukumiwa kifo akiwa na miaka 22 na kunusurika, alisahaulika katika kila orodha; hakuwa na watoto wala wajukuu wa kumdaia haki yake. Wanafunzi wa shule huko North Andover na mwalimu wao ndio walioichukua kesi yake, na Julai 2022 jina lake likaondolewa hatia kwa sheria ya jimbo. Mahali pa kunyongea, Proctor's Ledge, palithibitishwa na watafiti mwaka 2016 tu, nyuma ya duka la dawa.

Msomaji unayeishi Boston au unayepita huko, treni ya kutoka North Station inakufikisha Salem kwa muda wa nusu saa hivi. Ukienda Oktoba, kabla ya kukata tiketi yoyote tembea hadi mtaa wa Liberty, kwenye eneo la kumbukumbu lililozinduliwa mwaka 1992. Kuna viti 20 vya mawe vilivyotokeza ukutani, kila kimoja kimechongwa jina, namna mtu huyo alivyouawa na tarehe. Hakuna kiingilio. Soma majina yote 20, kisha ndipo uamue ni jumba lipi linastahili fedha yako.