Joto, Dizeli na Maji: Historia ya Injini za Visima katika Nyanda za Bute na Wajir

Katika nyanda za Bute, kaskazini mwa Kaunti ya Wajir karibu na mpaka wa Kenya na Ethiopia, joto halijawahi kuadimika, ilhali nguvu ya kunyanyua maji kutoka ardhini imekuwa haba tangu zamani. Sababu ya hali hiyo ilianza kufafanuliwa mwaka 1824, pale mhandisi Mfaransa Sadi Carnot alipoonyesha kwamba joto halifanyi kazi kwa wingi wake, bali hufanya kazi linapohama kutoka penye joto jingi kwenda penye joto pungufu. Na wanafizikia waliomfuata wakathibitisha kwamba sehemu ya joto hilo haigeuki kuwa kazi kamwe, bali hutupwa nje.

Kabla ya injini, maji yalinyanyuliwa kwa misuli. Mjini Wajir, ambako maji hayako mbali chini ya mwamba wa chokaa, wafugaji waliteka kwa ndoo na kamba, na kusini mwa Ethiopia Waborana walipanga watu ngazi kwa ngazi ndani ya visima virefu, kila mmoja akimpokeza ndoo aliye juu yake. Sehemu nyingine zilitegemea silanga, yaani mabwawa ya kukinga maji ya mvua, na silanga zilipokauka mifugo ilihamishwa, hivyo malisho yakapata muda wa kuchipua.

Mpango wa maendeleo ya ardhi wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1946 na kujulikana kwa kifupi kama ALDEV, ulichimba silanga na visima katika maeneo makavu ya Kenya, na baada ya uhuru, hasa katika miaka ya 1970, miradi ya mifugo iliongeza visima virefu vya kuchimbwa kwa mashine. Visima hivyo vilihitaji injini ya dizeli, ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Ndani ya silinda ya injini hiyo, pistoni huibana hewa hadi ikapata joto kali, kisha mafuta hupulizwa na kuwaka yenyewe pasipo cheche, na gesi inayotanuka huisukuma pistoni. Injini za Lister kutoka Dursley, Uingereza, zenye mwendo wa polepole na magurudumu mazito ya chuma, zilienea katika visima vya Kenya kwa kuwa fundi mwenye spana chache aliweza kuzitengeneza.

Gharama ya injini hizo hudhihirika kwa hesabu. Lita moja ya dizeli ina nishati ambayo, lau ingegeuka yote kuwa kazi, ingenyanyua lita 36,000 hivi za maji kutoka kina cha meta 100. Injini ikigeuza robo tu ya joto hilo na pampu ikapoteza nusu ya kazi inayoipokea, zinazofika horini ni takriban lita 4,500, yaani za kunywesha ngamia 45 iwapo kila mmoja atakunywa lita 100. Joto linalosalia hutoka kwa bomba la moshi na kupitia kuta za silinda, likaongezwa kwenye hewa ambayo tayari ni ya moto.

Kwa hiyo injini ilileta maji ya mwaka mzima pamoja na deni la mwaka mzima. Kila pipa la mafuta husafirishwa kwa lori katika barabara ambazo mvua huzifunga, na wenye mifugo hulipia kunywesha ili dizeli na vipuri vinunuliwe. Malisho yaliyokuwa yakipumzishwa kwa kukosa maji yakaliwa mfululizo, vijiji vikakua kando ya visima, na pampu ikiharibika wakati wa ukame, mifugo iliyokusanyika hapo hubaki bila pa kukimbilia.

Kanuni iyo hiyo ya joto linalohama ilitawala pia majokofu ya zahanati za mbali. Jokofu la mafuta ya taa, lililotokana na uvumbuzi wa Baltzar von Platen na Carl Munters mjini Stockholm mwaka 1922, hutumia mwali kuzungusha amonia inayofyonza joto ndani ya sanduku na kulitoa nje, na majokofu ya aina hiyo yalihifadhi chanjo, zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, pasipokuwa na umeme. Hata hivyo, kadiri hewa ya nje inavyokuwa ya moto, ndivyo jokofu linavyotaabika kulitupa joto hilo.

Paneli za sola, zilizoenea katika visima vya eneo hili katika muongo wa 2010, hazipitii njia ya joto kabisa: hugeuza mwanga kuwa umeme moja kwa moja, na paneli ikipata joto mno hupunguza umeme wake, ingawa kidogo. Hata hivyo jenereta ya dizeli haikuondolewa katika visima vingi, kwa kuwa mifugo ikimiminika wakati wa ukame, saa za jua hazitoshi. Mfugaji amepunguziwa bili ya mafuta, lakini swali la malisho lililoletwa na injini ya kwanza limebaki palepale, na pampu inayotoa maji bila kununuliwa dizeli inalifanya kuwa zito zaidi, kwa sababu bei ya mafuta ilikuwa mojawapo ya vizuizi vichache vilivyosalia vya kunywesha bila kikomo.