Siku kompyuta yetu ilipogoma

Ndugu akina mama, historia ya kikundi chetu haikamiliki bila ile kompyuta kuukuu. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza. Ndiyo maana wengi wetu hapa Shinyanga na Geita tulizifahamu ukubwani.

Mgao ulikaribia, mashine ikagoma. Inawaka, inaonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma, halafu inakwama. Wenzetu wa machimboni walikwisha kufika kuchukua chao. Maneno yakaanza: "Hela zetu zimeliwa!" Mweka hazina alilia.

Fundi alifungua kasha, akatoa betri ndogo ya duara ya volti 3, ile inayotunza saa na mipangilio mashine ikizimwa. Imekufa! Akaweka mpya, akasahihisha tarehe na mpangilio wa diski. Ikawaka, hesabu zote zimo. Tukazilinganisha na daftari, shilingi kwa shilingi.

Tangu hapo daftari haliachwi, na nakala hutunzwa na wanachama wawili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.