Upinde wa Jahangir na Kichwa cha Malik Ambar

Wasomaji wetu walioko Uingereza na Ireland wanaweza kuifikia kwa urahisi picha tunayotaka kuizungumza. Imehifadhiwa katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin, ilichorwa kiasi cha mwaka 1616, na inanasibishwa na Abu'l Hasan, mchoraji wa baraza ya Mfalme Jahangir wa Bara Hindi. Mfalme kasimama juu ya tufe la dunia. Dunia imebebwa na ng'ombe. Ng'ombe kasimama juu ya samaki. Upinde umevutwa. Anachokilenga ni kichwa cha Mwafrika kilichochomekwa kwenye mkuki, na bundi katua juu yake.

Kichwa hicho ni cha Malik Ambar, na la kwanza la kusema ni kwamba jambo hilo halikutokea. Jahangir hakupata kukitia mkononi.

Tuutazame upinde wenyewe, kwani nao una nasaba yake. Ni upinde wa wapanda farasi wa Asia: mfupi, ili usigonge shingo ya farasi, na nguvu yake haitokani na urefu bali na vitu vilivyogandishwa pamoja. Kati ni mti. Upande unaomwelekea mpigaji ni pembe, ambayo hustahimili kubanwa. Upande wa nje ni kano za mnyama, ambazo hustahimili kuvutwa. Gundi ndiyo inayoushika wote, na gundi haipatani na unyevu. Zinapovuma pepo za kusi na mvua kuishukia Hindi, upinde kama huo huhitaji kutunzwa kama mgonjwa. Ndiyo sababu mojawapo ya mafundi wa huko kutengeneza pia pinde za chuma.

Mishale mingi ya Hindi ilikuwa ya tete au mwanzi. Mwanzi una ganda gumu na uwazi ndani, kwa hiyo ni mwepesi bila ya kuwa dhaifu. Fundi huunyoosha kwa moto na kuvisugua vifundo vyake. Mpigaji haushiki upote kwa vidole vitatu kama Waingereza wa kale; huunasa kwa kidole gumba, na kidole cha shahada hulifunga gumba, na mshale hukaa upande wa kulia wa upinde. Gumba huvishwa pete, la sivyo upote utalichuna. Pete ya yashi ya Shah Jahan, mwana wa Jahangir, yenye tarehe ya 1040 Hijria, iko Victoria and Albert Museum, London. Nayo inafaa kutazamwa.

Sasa huyo aliyelengwa. Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi kiasi cha 1548. Aliuzwa, akauzwa tena, akapitia Yemen na Baghdad hadi Dekani, ambako alinunuliwa na Chingiz Khan, waziri wa Ahmadnagar, naye pia Mhabeshi. Alipopata uhuru alikusanya wapanda farasi wake mwenyewe, na hatimaye akawa ndiye mtawala hasa wa dola ya Nizam Shahi. Majeshi ya Jahangir yalikuwa makubwa kuliko yake, basi hakuyakabili uwandani kila yalipotaka. Aliwatuma wapanda farasi wepesi wa Kimaratha kuyakatia chakula na njia. Mwaka 1616 alishindwa vibaya. Mwaka 1624, huko Bhatvadi, alishinda. Alifariki 1626 akiwa mzee, bado anatawala, na Jahangir akamfuata mwaka uliofuata.

Tumeichagua picha hii kwa makusudi. Katika majarida kama hili letu tunapenda kuhesabu majahazi, karafuu na masultani, na bahari hiyo hiyo iliyowabeba wazee wetu waliofanya biashara iliwabeba pia waliofanywa biashara. Katika nyumba zetu nyingi hao wa pili hutajwa kwa sauti ya chini, au hawatajwi. Ambar hakufichika kwa sababu tu adui yake alimchukia kiasi cha kumpa mchoraji kazi.

Kaburi lake liko Khuldabad. Mji wa Khadki alioujenga mnamo 1610 ulikuja kuitwa Aurangabad, kwa jina la mjukuu wa Jahangir.