Ajali ya gari la kukodi

Ajali ya gari la kukodi ni ajali ya barabarani ambamo anayeshika usukani si mwenye gari wala si mwenye bima. Kenya na Tanzania, ambako kampuni za kukodisha zinafanya biashara pamoja na watu binafsi wanaotoa magari yao kwa siku kupitia madalali, tofauti hiyo hujitokeza mapema, vioo vikiwa bado vimetapakaa barabarani.

Mazoea ya madereva wengi ni kumalizana. Bampa limebonyea, taa imevunjika, watu wanashuka, wanalaumiana kidogo, pesa inatumwa kwa simu na kila mtu anashika njia yake. Mwenye gari lake ana uhuru huo. Aliyekodi hana, maana mikataba mingi inamkataza kukiri kosa au kupatana na mtu yeyote kampuni isipojua, na kampuni ya bima haifungui mkoba kwa ajali isiyo na karatasi ya polisi. Anayelipa ili yaishe hulipa mara mbili: pale barabarani, kisha ofisini atakaporudisha gari.

Watu hutangulia mali. Gari linasimamishwa, taa za hatari zinawashwa, pembetatu ya tahadhari inawekwa nyuma kwa umbali wa kutosha. Isipokuwemo kwenye buti, matawi mabichi yaliyotandazwa juu ya lami hueleweka kwa kila dereva, kutoka Mombasa hadi Mbeya, ingawa wengi huondoka na kuyaacha pale pale yawe ajali nyingine. Namba ya dharura ni 112 katika nchi zote mbili. Tanzania, hospitali huulizia fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, kwa mtu aliyeumia ajalini, kwa hiyo mmoja hupita kituoni huku wenzake wakimwahisha majeruhi. Kenya, Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Fomu ya P3 huja baadaye, kwa ajili ya kesi.

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inamtaka dereva asimame na kutoa jina na anwani yake na ya mwenye gari. Mtu akiumia, au taarifa hizo zisipotolewa, ajali iripotiwe polisi ndani ya saa 24. Karatasi ya kudai kituoni ni abstrakti ya polisi. Tanzania, jalada la madai husubiri PF 90, ambayo ni taarifa ya polisi kuhusu ajali, pamoja na PF 93, ripoti ya mkaguzi wa magari. Karatasi hizi hazitoki siku hiyo hiyo, lakini namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi, iitwayo OB kwa Kenya au RB kwa Tanzania, hupatikana papo hapo, na ndiyo kampuni ya kukodisha itakayouliza kwanza.

Simu kwa kampuni hiyo hupigwa wakati trafiki anasubiriwa. Gari la kuvuta na gereji ni uamuzi wa kampuni, na fundi wa jirani, hata awe hodari namna gani, hapaswi kugusa boneti. Picha hupigwa kabla magari hayajasogezwa: namba zote mbili, stika ya bima, leseni ya dereva mwingine, alama za breki. Picha muhimu kuliko zote, hata hivyo, ni ile iliyopigwa siku ya kuchukua gari, ya fomu yenye mchoro wa gari ambamo mikwaruzo ya zamani imewekewa alama ya msalaba. Bila hiyo, mkwaruzo wa mteja aliyetangulia hupata mlipaji mpya.

Kinachofuata ni aina ya bima. Bima ndogo hulipa hasara ya watu wengine tu. Gari la kukodi lenyewe linabaki mikononi mwa aliyekodi na mwenye gari. Bima kubwa hulitengeneza, ila sehemu ya kwanza ya hasara hukatwa kwenye dhamana ya mteja, na mara nyingi tairi, vioo na uvungu wa gari havimo. Dereva ambaye jina lake halipo kwenye mkataba huivunja kinga yote. Balaa kubwa zaidi hukaa kwenye magari ya madalali: bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa gari likigundulika lilikuwa la kukodisha.

Aliyekodi gari pamoja na dereva wake yuko salama zaidi. Dereva ni mtu wa kampuni, mteja ni abiria, na kazi yake ni kutoa maelezo kama shahidi.

Anayevuka mpaka wa Kenya na Tanzania kupitia Namanga au Horohoro huhitaji barua ya ruhusa ya mwenye gari na Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango wa kadi hiyo. Kadi hufidia watu wengine na matibabu ya waliomo garini. Bodi iliyopondeka haimo. Ndani ya Tanzania kwenyewe, barabara ya Morogoro kwenda Iringa hukata Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, ambako kugonga mnyama kuna faini yake kwa kila aina. Faini ni ya dereva, na mikataba ya kukodi huandika hivyo waziwazi.

Ugomvi na kampuni ya bima Tanzania hupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Dhamana iliyozuiwa na kampuni ya kukodisha ni shauri jingine, la kimkataba. Kenya, madai yasiyozidi shilingi milioni 1 yanaweza kufunguliwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021, na ambayo sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60.