Sanamu za Bwami na Biblia: tusome namna gani?

Wengi kati yetu tulifundishwa tangu utoto kwamba ukristo na desturi za mababu ni kama moto na maji. Hata leo, mu kanisa zingine za uamsho, mchungaji anaomba waamini walete vitu vya wazee wao, sanamu, vinyago ao mavazi ya sherehe, ili vichomwe mbele ya watu. Anafungua Kutoka sura ya 20, pale Mungu anapokataza watu kujitengenezea sanamu na kuziabudu, na neno limekwisha. Kijana anarudi nyumbani, anamwita babu yake mtu wa shetani. Hapo si mti tu umeungua. Ni jamaa imepasuka.

Historia ya Balega inaweza kutusaidia kufikiri juu ya jambo hili. Balega wanaishi Mwenga na Shabunda mu Kivu ya Kusini, na Pangi mu Maniema. Zamani hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwatawala wote. Kilichowaunganisha ni Bwami. Tusichanganye maneno: kwa Bashi, mwami ni mfalme, lakini kwa Balega mwami ni kila mtu aliyeingizwa mu Bwami. Alipanda ngazi kidogo kidogo mpaka kindi, iliyo ya juu kabisa, na mwanaume hakufika kule pasipo bibi yake, ambaye naye alikuwa na ngazi zake.

Bwami ilikuwa kama masomo. Walimu waliimba methali na kucheza huku wakionyesha vitu, na kitu kimoja kiliweza kuwa na maana mbalimbali kufuatana na methali, ngazi na sherehe. Tutwae mfano wa sanamu iitwayo Sakimatwematwe, yenye vichwa vingi. Asiyefundishwa anaona mungu wa washenji. Aliyefundishwa anaona mtu wa hekima anayetazama pande zote. Sanamu nyingine ilionyesha mwanamke mwenye mimba aliyefanya uzinzi, ili watu wajue hasara ya tendo lile. Nani basi angeabudu mfano wa mzinzi?

Hatusemi kwamba yote ya zamani yalikuwa mazuri. Kupanda ngazi kulidai mali nyingi, na vitu vingine vilitumiwa pia kama dawa. Lakini ili kupima jambo, inafaa kwanza kulijua. Wamisionere wengi hawakungoja kujua, na serikali ya Wabeleji iliogopa nguvu ya wazee hawa. Mu mwaka wa 1948 ilikataza Bwami. Leo sanamu nyingi za Balega ziko mu majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Watu wanalipa ili kuziangalia, wakati watoto wetu wanaambiwa kuzikimbia. Mbeleji Daniel Biebuyck, aliyeketi na wazee wa Bwami mu miaka ya 1950 na kutoa kitabu kikubwa mu 1973, alionyesha kwamba vitu vile vilikuwa kwanza vya kufundishia tabia njema.

Turudi sasa kwa Biblia yenyewe. Ni kitabu kile kile cha Kutoka, sura ya 25, ambamo Mungu anamwamuru Musa kutengeneza makerubi mawili ya zahabu juu ya sanduku la agano. Mu Hesabu sura ya 21, Musa anatengeneza nyoka wa shaba, na watu walioumwa na nyoka wanamtazama na kupona. Miaka mingi nyuma yake, watu walianza kumfukizia uvumba nyoka yule. Ndipo mfalme Hezekia akamvunja, kama tunavyosoma mu 2 Wafalme sura ya 18. Kitu ni kimoja: kwanza kilikuwa alama ya wokovu, kisha kikawa kikwazo. Shaba haikubadilika, matumizi ndiyo yalibadilika. Basi, anayeshika mstari mmoja na kuacha mingine hailindi Biblia, anaikata.

Tena, Paulo alipofika Athene, alikuta mazabahu ya mungu asiyejulikana. Hakuivunja. Alianzia pale pale ili kuwatangazia watu habari yake (Matendo 17). Kanisa katoliki nalo lilijifunza. Mu 1965, Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha kwamba msomaji atafute mwandishi alitaka kusema nini, mu wakati wake na kwa namna ya kusema ya watu wake. Mu 1988, Roma ilikubali Misa ya Zaire, ambamo mababu wenye moyo mnyofu wanaombwa kuwa pamoja nasi. Kama wangekuwa wote watu wa shetani, tungewaita mbele ya altare?

Sisi walimu na wazazi tuna kazi hapa. Mtoto akituletea mstari wa kuhukumu jirani, tumuulize: uliandikwa kwa nani? Ulikataza nini hasa? Mistari mingine inasema nini? Wazee wa Bwami walifanya vile vile kwa methali: hakuna aliyeitumia pasipo kujua mahali pake. Hii si kudharau Neno la Mungu, ni kuliheshimu. Na mbele ya kuwasha moto, twende kwanza kwa mzee angali hai, tumuulize kitu hiki kilifundisha nini.