Jini Huulizwa Jina

Chumba chenyewe ni chembamba kama baraza iliyozibwa, kwenye uchochoro wa nyuma ya Soko la Darajani, mjini Unguja. Televisheni tatu zimetundikwa ukutani, chini yake benchi la mbao, na pedi za kuchezea zimefungwa selotepu kwenye waya ili zisikatike. Mlangoni panaingia harufu ya samaki na kelele za makonda wa daladala. Alasiri ile nilimkuta mvulana wa miaka kama kumi na minne amekodoa macho, huku mwenye macho mekundu anamjia na shoka kutoka ndani ya kioo. Yule mwenye shoka akapiga kelele, kwa Kiswahili. Benchi zima likaangua kicheko. "Ami, umemsikia?" mmoja akanigeukia. "Huyu jini mbara!"

Mchezo huo ni Resident Evil 5, na huko Japani wanauita Biohazard 5. Kampuni ya Capcom ya mjini Osaka iliutoa mwezi Machi 2009. Hadithi yake inatokea mahali panapoitwa Kijuju, eneo la kubuni ambalo watungaji wameliweka Afrika Magharibi, na watu wake walioharibiwa na vimelea wanaitwa Majini. Hata mmoja wao ni Majini. Anayejua Kiswahili husita hapo, maana jini mmoja ni jini, na ukiliona neno "majini" peke yake bila maelezo unaweza ukadhani mtu ametumbukia baharini. Kilichowaleta Waswahili pwani ile ya magharibi hakielezwi.

Lakini lugha hiyo ina kwao. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiswahili cha kufundishia shuleni, kutoka Kenya hadi Tanganyika, kitokane na Kiunguja, yaani maneno ya mji huu. Majini wa Capcom wanazungumza mjukuu wa lugha iliyokuwa ikisemwa hapa Darajani wakati daraja lenyewe bado lipo. Maana lilikuwepo daraja kweli: hori la bahari liliukata mji, Mji Mkongwe na mawe yake upande huu, Ng'ambo na nyumba zake za udongo na makuti upande ule, na watu walivuka hapa. Hori likafukiwa kidogokidogo, daraja likaondoka, na jina likabaki. Vitisho vya mji huu navyo vimevuka hapohapo, na kila kimoja kilikuja na wakati wake.

Tuanze na cha zamani kilichoandikwa. Mwaka 1864 aliteremka Unguja mmishonari Mwingereza, Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu na akasimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini, dakika chache kwa miguu kutoka sokoni, juu ya uwanja wa soko la watumwa lililofungwa 1873. Kabla ya kanisa alikuwa na kazi nyingine: alikaa na watu wa Unguja, wakamhadithia, naye akaandika. Hadithi hizo zilichapwa London mwaka 1870. Ndani yake mna kisa cha Sultani Majinuni na nunda mla watu.

Nunda hakuzaliwa nunda. Alikuwa paka wa sultani. Akala ndama wa watu; watu wakaenda kushitaki, sultani akawaambia paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, jibu likawa lilelile. Akapanda mpaka ng'ombe, na wanyama wakubwa zaidi, kisha akaanza watoto wa raia, na bado baba mwenye nchi anasema paka wangu, na watu pia wangu. Siku alipowala wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani akafumbua macho. Kufikia hapo paka amekwisha ingia msituni, hana tena jina la paka.

Anayetoka kumtafuta ni mtoto mdogo wa sultani, ambaye hajapata kumwona nunda. Anaua mbwa, anamburura hadi nyumbani, mama anamwambia siye. Anarudi porini, analeta mnyama mkubwa kuliko yule, siye. Anapanda hivyo ngazi kwa ngazi mpaka tembo, na tembo naye siye. Nilipowasimulia wavulana wa benchi kisa hiki, sikumaliza. "Ah, anapita leveli," alisema yule mwenye pedi bila kutoa macho kwenye kioo, "bosi yuko mwisho." Nami sina la kuongeza. Mpangilio wa adui mdogo kwanza, mkubwa baadaye, na mkubwa kuliko wote mwishoni ulikuwa ukisimuliwa Unguja kabla ya umeme.

Ila nunda ana jambo moja ambalo michezo mingi huliruka: tunaambiwa nani alimlisha. Waliomsimulia Steere waliishi chini ya sultani wa kweli, na mimi siamini kwamba walikuwa wakizungumza habari za paka.

Jini ni habari nyingine. Neno lilikuja na Uislamu, na Muislamu hana haja ya kuulizwa kama majini wapo. Wametajwa ndani ya Kurani, wengine wema na wengine waovu. Lakini Unguja iliwapokea kwa namna yake. Hapa majini, au masheitani kama tunavyowaita, wana makabila. Wapo wa ruhani, Waislamu wenye asili ya Kiarabu, wanaopenda usafi, ubani na marashi. Wapo wa Kipemba. Wapo wa habeshia, wanaokumbusha masuria wa Kihabeshi walioletwa kwenye majumba ya masultani. Na wapo wa kibuki, kutoka Bukini, ambako leo tunakuita Madagaska. Hao ni Wakristo wa kifalme, na wakipanda kichwani hutaka brandi, hata kama kiti chao, yaani anayepandwa, ni bibi ambaye maisha yake yote hajaonja pombe.

Tazama orodha hiyo na utaona ni daftari la bandari. Kila taifa lililoteremka hapa kwa jahazi, likiwa bwana au likiwa mtumwa, limeacha sheitani wake. Na tazama anavyotendewa. Mwele huwekwa kitako, buhuri hufukizwa, ngoma hupigwa, na fundi humuuliza mgeni aliye kichwani: nani wewe, kabila gani, umetoka wapi, unataka nini? Naye hujibu kwa lugha yake au kwa Kiswahili cha kigeni. Huenda akataka pete, kilemba cha rangi fulani, sahani yenye vyakula vyake. Mapatano yakifikiwa, mara nyingi hafukuzwi. Hukaa, hurithiwa na binti au mjukuu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, wahenga walisema, na watu wa Ng'ambo waliifanyia kazi methali hiyo.

Sasa rudi kwenye kioo. Majini wa Kijuju wanapiga kelele kwa Kiswahili, na hakuna hata mmoja anayeulizwa jina. Mchezaji ni Chris Redfield, askari Mmarekani, na msaidizi wake ni Sheva Alomar, Mwafrika. Onyesho la mchezo huo la mwaka 2007 lilizua mabishano makali Marekani, kwa sababu lilionyesha mzungu akimimina risasi kwenye umati wa watu weusi. Watengenezaji walijitetea. Mabishano hayo yalihusu rangi, nayo yalistahili, lakini mtu wa pwani akiangalia hadithi yenyewe ataona kitu cha pili, na hiki kinanishangaza zaidi.

Ndani ya mchezo, kinachowaharibu watu wa Kijuju ni kampuni ya dawa kutoka ng'ambo. Inakuja kuchimba siri ardhini, inawafanyia wenyeji majaribio, nao wanageuka. Hiyo ni mumiani. Bila kujua, waandishi wa Osaka wameandika hadithi ambayo bibi zetu waliitumia kutufanya tuingie ndani kabla ya Magharibi.

Neno lenyewe limetoka Uajemi, nalo lilikuwa jina la dawa nyeusi kama lami, ambayo hata wauza dawa wa Ulaya waliisaka hadi wakasaga maiti za kale za Misri. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaitaja mumiani kama dawa, kisha inataja na uvumi kwamba inatengenezwa kwa damu ya watu. Uvumi huo ulitambaa Afrika Mashariki yote enzi za ukoloni. Nairobi na Kampala walioogopwa walikuwa wazimamoto, kwa kuwa walikuwa na gari jekundu, ndoo, mipira na sare, na walitoka usiku. Mwanahistoria Mmarekani Luise White aliandika kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo, kikatoka mwaka 2000. Hakuicheka, aliisoma kama ushahidi wa namna watu walivyouona utawala ule. Dola iliyohesabu watu, ikawapima, ikawachanja na kuwatoza kodi ya kichwa, ilipataje kueleweka na aliyekuwa akipimwa?

Tofauti iko kwenye kamera. Katika mumiani, anayesimulia ni yule anayekimbia sindano. Katika Resident Evil 5, aliyechomwa sindano ndiye anayepigwa risasi, na kampuni inasubiri mpaka sura za mwisho.

Amebaki mmoja, na huyu wengi wa wasomaji hawahitaji kusimuliwa. Popobawa alisikika Pemba mwaka 1965, mwaka mmoja na ushei baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Akanyamaza, akasikika tena hapa na pale, na mwaka 1995 akarudi kwa kishindo. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, ulioanza mwanzoni mwa Februari mwaka huo. Alianzia Pemba, akavuka hadi Unguja, na habari zikafika Dar es Salaam. Jina linatokana na popo na bawa, kwa sababu ya kile kivuli chake, walivyosema. Sura hakuwa nayo. Ile picha ya popo mwenye jicho moja kubwa imechorwa na wageni. Waliokumbwa walisimulia uzito kifuani, harufu mbaya, kuishiwa sauti, kushindwa kunyanyua hata kidole. Na walisimulia kuingiliwa, wanaume kwa wanawake, jambo ambalo mtu wa Unguja hatamki kwa urahisi hata mbele ya tabibu.

Madaktari wana maelezo ya ule uzito. Mtu akiwa katika usingizi wa ndoto, mwili hulegezwa ili asitende anayoyaota. Mara nyingine akili huamka kabla ya mwili, na kwa dakika hizo mtu hulala macho wazi, hawezi kusogea, na huhisi kuna mtu chumbani. Kiswahili kina neno lake tangu zamani, jinamizi. Wajapani wana lao, kanashibari. Lakini jinamizi halina msimu, na Popobawa alikuwa na msimu. Oktoba 1995 Zanzibar ilipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu Mapinduzi. Dk. Salmin Amour alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Miezi kabla ya hapo, kila upande ulikuwa na watu walionong'ona kwamba Popobawa ametumwa na upande wa pili.

Usiku familia zilitoa mikeka nje, zikalala pamoja barazani na uwanjani kuzunguka moto, wanaume wakikesha. Hofu hiyo ilimwaga damu pia: Unguja, mtu mmoja mgonjwa wa akili, mgeni mjini, alidhaniwa ndiye Popobawa na umati ukamuua. Kila nikisikia Popobawa akitajwa kwa kicheko, humkumbuka marehemu huyo. Jini wa kioo hafi, ukizima na kuwasha yupo. Yule alikuwa mtu.

Kuna sharti moja la Popobawa ambalo halimo katika mchezo wowote niliouona. Walisema humwamuru aliyemkumba atangaze. Awaambie majirani yaliyompata, na akificha, atarudiwa. Katika visiwa ambavyo tangu 1964 watu walijifunza kukaa kimya, ambako mtu alipima nani yupo kabla ya kusema nani kachukuliwa usiku, alikuja jinamizi anayedai isemwe. Sidai kwamba hilo linamfafanua. Nasema tu kwamba mwaka 1995 watu walizungumza barazani usiku kucha, na hawakuzungumza Popobawa peke yake.

Nilimuuliza mvulana mwenye pedi kama amepata kusikia habari hizo. Alisema ameziona kwenye simu, kwa Kiingereza, na kwamba yule ana jicho moja. Kisha akafa, leveli ikaanza upya, na zamu yake ikaisha.

Aliyekuwa na miaka ishirini usiku ule wa mikeka sasa yuko kwenye hamsini, na wengi wanapita Darajani kila asubuhi kununua samaki. Wewe unayewajua, waulize walilala wapi, na nani, na walikuwa wakizungumza nini.